Pipi Ndani ya Biskuti na Maabara Iliyo Jikoni

Katika nyumba nyingi za Marekani na Uingereza, mwoka biskuti hutia ndani ya kinyunga karibu kila kitu apendacho mtoto: vipande vya chokoleti, njugu, zabibu kavu, na hata zile pipi laini za kutafuna zenye ladha ya matunda. Aina moja mashuhuri ya pipi hizo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1960 kwa jina la Opal Fruits, ikaingia Marekani mwaka 1967, na sasa hujulikana kwa jina la Starburst. Pipi za jamii hiyo, za viwanda mbalimbali, zinapatikana pia katika vibanda vya Dar es Salaam na Nairobi, wala si ajabu kijana mwenye kupenda kuoka akataka kuzijaribu.

Anayejaribu kwa mara ya kwanza aghalabu huambulia masikitiko. Pipi iliyowekwa juu ya kinyunga hulainika dakika chache baada ya bati kuingia tanurini. Kisha hutandaa, huchuruzika kando ya biskuti, hutokota kwa mapovu madogo madogo, na hatimaye huganda juu ya bati kwa nguvu ambayo kisu hakiiwezi. Biskuti zikipoa, ile pipi iliyotafunika kwa ufizi mtupu imekuwa kigae cha chupa. Na ile harufu ya ndimu na nanasi iliyojaa nyumba nzima wakati wa kuoka haionekani tena mdomoni.

Jambo hili dogo lina fizikia na kemia ya kutosha kulishughulisha darasa kwa wiki nzima. Hata hivyo, mwanafunzi atakayethubutu kuuliza katika kipindi cha kemia kwa nini pipi yake imegeuka jiwe, ana bahati akijibiwa. Ni rahisi zaidi aambiwe kwamba hayo ni mambo ya jikoni, ayapeleke kwa mwalimu wa Sayansi Kimu, au kwa mama yake. Mgawanyo huo, unaoiweka molekuli katika chumba kimoja na sufuria katika chumba kingine, umeigharimu elimu ya sayansi mengi, na haufai kuendelea kuvumiliwa.

Ianze pipi yenyewe. Pipi ya kutafuna ni shira iliyochemshwa mpaka maji yakabaki machache, yapata asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake. Ndani yake mna sukari ya kawaida. Shira ya glukosi, ambayo huizuia sukari isigeuke chenga. Mafuta kidogo ili isinate mno menoni. Jelatini au wanga wa kuipa mvutano. Asidi ya sitriki ya kuipa ukali wa ndimu. Rangi, na manukato. Tunda lenyewe aghalabu halimo, au limo kwa kiasi kidogo tu cha maji yake. Baada ya kuchemshwa, shira hiyo nzito huvutwa na kukunjwa na mashine mara nyingi, mpaka vipovu vya hewa visivyoonekana kwa jicho vikasambaa ndani yake. Ndiyo maana hutafunika.

Hakuna katika maelezo hayo jambo lililo geni kwa mpishi wa pwani. Anayepika kaimati au visheti huchota tone la shira, akaliminya kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akavitenga vidole polepole: uzi ukivutika, shira iko tayari. Kwa lugha ya maabara, mama huyo amepima kiasi cha sukari katika mmumunyo bila kutumia chombo chochote. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi kwenye usawa wa bahari. Yakitiwa sukari huchemka kwa joto zaidi, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo kiwango cha kuchemka kinavyopanda. Shira yenye sukari asilimia 80 huchemka karibu na nyuzi 110, na hiyo ndiyo shira ya uzi. Yenye asilimia 92 huchemka karibu na nyuzi 125, nayo ikipoa hufanya donge gumu linalobonyea kwa shida. Ikifika asilimia 95 kiwango kimepita nyuzi 132, na donge lililopoa huanza kuvunjika kwa mlio. Kwa asilimia 99 joto limekaribia nyuzi 150, na kinachopatikana baada ya kupoa ni kioo kwa maana halisi ya neno hilo: kitu kigumu ambacho molekuli zake hazikujipanga safu, ila zimekwama papo hapo zilipokuwa.

Mwalimu aliye Nairobi au Iringa ataongeza hapa somo jingine. Huko milimani maji matupu huchemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Kwa hiyo maelezo ya upishi yaliyoandikwa London, yakisema shira ichemshwe mpaka nyuzi 118, yatampa mpishi wa Nairobi pipi ngumu kuliko iliyokusudiwa, asipopunguza nyuzi 5 au 6. Uzi wa vidoleni hauna kosa hilo, kwa kuwa hupima sukari yenyewe wala haupimi joto.

Sasa pipi na iingie tanurini. Biskuti huokwa kwa nyuzi 170 hadi 180. Pipi yenye maji asilimia 8 ikipashwa mpaka nyuzi 125 hivi huanza kuchemka upya, kana kwamba imerudishwa katika sufuria ya kiwandani, na kila dakika inayopita huondoka na sehemu ya maji yake. Hesabu ni nyepesi. Pipi 20 za gramu 5 kila moja zina uzito wa gramu 100, na ndani yake mna gramu 8 za maji. Zikipoteza nusu ya maji hayo, uzito utakuwa gramu 96, na maji yaliyobaki, gramu 4, ni kama asilimia 4 tu. Mafuta na jelatini vikiachwa kando kwa ajili ya urahisi wa hesabu, mmumunyo umetoka katika daraja la donge gumu ukaingia katika daraja la kuvunjika. Gramu 4 za mvuke, zisizojaza hata kijiko kimoja cha chai zikirudi kuwa maji, ndizo zilizotenga pipi ya kutafuna na kigae cha chupa. Mizani ya shule inaweza kuzipima, na hapo mwanafunzi ataona kwa macho yake kwamba ugumu ule haukutokana na kitu kilichoongezeka.

Ulinganisho na chokoleti una faida kubwa, kwa sababu wengi hudhani kuwa kila kilainikacho kwa moto kimefanya jambo lile lile. Mafuta ya kakao yaliyomo katika chokoleti huyeyuka karibu na nyuzi 34, yaani chini ya joto la mwili wa mtu. Ndani ya biskuti huyeyuka kabisa; lakini chembe za sukari na kakao zilizosongamana ndani yake huifanya chokoleti iwe nzito, na kwa kuwa hakuna anayeikoroga, hukaa pale pale. Ikipoa huganda tena. Haikupoteza kitu chochote cha maana: imebadili hali, ikarudi. Pipi ngumu ya kumung'unya nayo hurudi ilivyokuwa, kwa kuwa tangu hapo ni kioo chenye maji machache mno. Ndiyo maana Wazungu wakati wa Krismasi huisaga na kuijaza katika matundu ya biskuti, nayo huyeyuka ikawa mithili ya vioo vya rangi vya madirisha ya kanisa. Pipi ya kutafuna peke yake ndiyo isiyoweza kurudi, maana kilichoifanya kuwa laini kimekwenda hewani. Vitabu vya shule hutenganisha mabadiliko yanayorudi na yasiyorudi kwa mifano ya mshumaa na karatasi iliyochomwa. Biskuti tatu juu ya bati moja, ya chokoleti, ya pipi ngumu na ya pipi laini, zingeifanya kazi hiyo vizuri zaidi, na zingelazimisha swali ambalo mshumaa hauulizi: ni nini hasa kilichopotea?

Dawa yake hutokana na maelezo hayo hayo. Kinyunga, maadamu kina maji ndani yake, hakipandi sana kupita nyuzi 100 katikati, hata tanuri likiwa na nyuzi 180. Kwa hiyo pipi iliyokatwa vipande vidogo, ikapozwa kwenye barafu, kisha ikafichwa katikati ya kinyunga, hulindwa na maji ya jirani yake. Inayogusa bati au hewa ya tanuri haina mlinzi. Wengine huoka biskuti kwanza, wakaibandika pipi juu yake dakika ya mwisho, joto lililobaki likailainisha bila kuikausha. Wengine huiyeyusha pembeni pamoja na kijiko cha maziwa, yaani huirudishia maji kabla haijayapoteza, na kuimimina juu ya biskuti zilizokwisha kupoa. Njia zote tatu ni njia moja: kuyatunza maji. Na kwa kila njia, mwalimu awaonye vijana kwamba shira ya nyuzi 130 au 150 ni hatari kuliko maji yanayochemka, kwa kuwa hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Kuhusu ile harufu, jibu lake linawahusu wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaosoma kemia ya kaboni. Manukato mengi ya pipi za matunda ni ya jamii ya esta. Asetati ya isoamili, yenye harufu ya ndizi mbivu, huchemka kwa nyuzi 142. Butireti ya ethili, yenye harufu ya nanasi, kwa nyuzi 121. Vyote viwili huanza kuruka hewani mapema kabla ya kufikia viwango hivyo. Basi mtu anayesimama mlangoni mwa jiko na kusifu harufu nzuri, anasifu ladha inayotoroka. Asidi ya sitriki haitoroki hivyo. Hubaki, na ikikutana na magadi ya kuokea yaliyomo katika kinyunga hutoa hewa ya kaboni dioksaidi, molekuli moja ya asidi ikihitaji tatu za bikaboneti ya sodiamu, ambayo kwa uzito ni takriban gramu 3 za asidi kwa gramu 4 za magadi. Matundu makubwa yanayoonekana katika biskuti kandokando ya pipi huenda yametokana kwa sehemu na mkutano huo. Huenda: maana mvuke wa pipi nao hutoboa, na kuutenga ushahidi wa mmoja na wa mwingine ni jaribio zuri ambalo darasa linaweza kulibuni lenyewe.

Yupo atakayesema kwamba haya ni mapambo tu, na kwamba sayansi ya kweli iko kwenye chupa za maabara. Historia ya biskuti yenyewe inampinga. Biskuti ya vipande vya chokoleti, iliyo mama wa biskuti zote za kutiwa pipi, ilitoka katika hoteli ndogo ya Toll House, mjini Whitman, jimbo la Massachusetts, kwa mkono wa Ruth Wakefield, katika miaka ya 1930. Hadithi iliyoenea duniani husema kwamba bibi huyo aliishiwa na chokoleti ya kuokea, akavunjavunja chokoleti ya kawaida akitumaini itayeyuka na kuenea katika kinyunga chote. Haikuenea, na biskuti ikavumbuliwa kwa bahati. Hadithi hiyo ni tamu, lakini mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akitafuta kwa makusudi kitu kipya cha kuwapa wateja wake. Na hakuwa mtu wa kubahatisha. Alihitimu mafunzo ya sayansi ya nyumbani katika chuo cha ualimu cha Framingham mwaka 1924, akawa mwalimu wa somo hilo na mtaalamu wa lishe, ndipo akafungua hoteli na mumewe mwaka 1930. Mtu aliyesomea tabia za mafuta na sukari anajua vyema kipande kinene cha chokoleti kitafanya nini ndani ya kinyunga.

Yafaa kujiuliza kwa nini hadithi ya bahati ilipendwa kuliko ukweli wa elimu. Mwanamume akivumbua kitu katika maabara husemwa amefanya utafiti. Mwanamke akivumbua jikoni husemwa amekosea vizuri. Hata katika nchi hiyo hiyo ya Marekani mambo hayakuanza hivyo. Ellen Swallow Richards, mwanamke wa kwanza kuhitimu katika chuo cha ufundi cha MIT, mwaka 1873, alikuwa mkemia wa maji na vyakula, na mwaka 1882 alitoa kitabu kuhusu kemia ya kupika na kusafisha. Yeye ni miongoni mwa waliolianzisha somo la uchumi wa nyumbani, akikusudia liwe tawi la sayansi lenye mizani na vipimo. Baadaye, katika shule nyingi za dunia, somo hilo lilinyang'anywa mizani likaachiwa mwiko, kisha likaitwa somo la wasichana.

Mfano ulio karibu zaidi hauna haja ya kuvuka bahari. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari. Nafasi katika jokofu ilikuwa chache. Akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakali moto bila kusubiri yapoe. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa baridi. Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akafanyiwa mzaha. Ni pale Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni kutoa mhadhara ndipo swali lile, ambalo wanafunzi wenzake walilicheka, lilipopata mtu wa kulipeleka maabarani. Makala ya wawili hao ilichapishwa mwaka 1969, na tangu hapo jina la kijana wa Magamba limo katika vitabu vya fizikia vya ulimwengu.

Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo kuhusu jambo lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitilia shaka kama tokeo hilo lipo hasa katika maji ya kawaida. Shaka hiyo haimpunguzii Mpemba kitu. Kilichomtofautisha ni kwamba aliamini aliyoyaona kwenye sufuria yanastahili kuulizwa darasani. Na kosa la mwalimu wake halikuwa kutojua jibu, kwa kuwa hakuna aliyelijua. Kosa lilikuwa kulifunga swali kwa sababu ya mahali lilikotoka. Ni wasichana wangapi waliokuwa na swali kama hilo kuhusu shira, kuhusu maandazi yaliyogoma kuumuka, kuhusu wali uliochachuka, wakalimeza kwa sababu walijua litakavyopokelewa? Idadi yao haiwezi kupatikana, kwa maana hiyo hiyo kwamba hawakuuliza.

Pingamizi moja ni la haki na halifai kupitwa kwa haraka. Sukari, siagi na unga wa ngano ni ghali, na shule ambayo wanafunzi wake hunywa uji mtupu asubuhi haiwezi kuambiwa ichezee pipi. Tena wataalamu wa meno watalalamika, nao wana haki: utando wa nje wa jino huanza kulika pale ukali wa mate unapopita kiasi, yaani pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, na pipi inayonata huyaweka meno katika hali hiyo kwa muda mrefu kuliko sukari inayomezwa mara moja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isifikie asilimia 10 ya nguvu zote ambazo mtu huzipata kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50. Biskuti chache za pipi humaliza sehemu kubwa ya fungu hilo.

Majibu ni mawili. La kwanza, jaribio halihitaji karamu. Pipi nne, kijiko cha kinyunga, na sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, kifuniko chake kikiwekewa makaa, vyatosha kwa darasa la wanafunzi arubaini, na gharama yake ni ndogo kuliko ya bomba moja la kioo linalovunjika. Sufuria hiyo yenye moto juu na chini, ambayo mabibi wameitumia kuokea mikate tangu kabla ya kuzaliwa kwa walimu wa leo, ni somo jingine la upitishaji wa joto na mnururisho. Lakini hilo na liachwe kwa siku nyingine.

La pili lina uzito zaidi. Pipi ya kiwandani yafaa kwa swali, siyo lazima kwa jibu. Jelatini iliyomo katika pipi nyingi hulegea kwa nyuzi 35 tu, na hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, jambo ambalo Mwislamu na asiyekula nyama wana sababu ya kulisoma kwenye karatasi ya pipi kabla ya kuila. Pektini ya matunda ina tabia tofauti. Mapera yana pektini nyingi, na hata unga mweupe wa ubuyu unayo. Mapera yaliyoiva kiasi yakichemshwa, yakachujwa mbegu, kisha rojo lake likapikwa na sukari na maji ya ndimu mpaka likaanza kuachana na sufuria, huganda yakawa kitu laini cha kukatika kwa kisu. Masharti ya kuganda kwake ni mawili: sukari ipite asilimia 55 hivi, na ukali uwe karibu na pH 3. Ndimu haitiwi kwa ajili ya ladha tu. Pasipo asidi, nyuzi za pektini husukumana na hazishikani. Pasipo sukari ya kutosha, maji hayaachii.

Na hapa ndipo penye faida kwa mwokaji: mgando wa pektini wa namna hiyo, ukishashika, hauyeyuki kwa urahisi ukipata moto. Ndiyo sababu wenye viwanda vya mikate hutumia jemu za pektini katika vitobosha vinavyoingia tanurini. Kipande cha rojo gumu la mapera kilichotiwa katikati ya biskuti kitakaa mahali pake, kitapoteza maji kidogo kwenye uso wake tu, na kitabaki chenye kutafunika, tena kina ladha ya tunda lililokuwamo kweli. Hoja hii haikujengwa juu ya uzalendo wa tumbo. Kama embe ng'ong'o lingeyeyuka na kuganda bati zima, ingepasa kusemwa hivyo. Mapera yanashinda kwa sababu ya kemia yake, na mwanafunzi aelezwe kemia hiyo.

Kinachotakiwa kwa walimu si muhtasari mpya wala fedha kutoka wizarani. Mwalimu wa kemia na mwalimu wa Sayansi Kimu wakikubaliana vipindi viwili tu kwa muhula, mmoja aje na kipimajoto, mwenzake aje na sufuria, wavulana na wasichana wakae pamoja na wote wakoroge, kazi itakuwa imeanza. Wavulana wataungua vidole mara ya kwanza, pengine kwa sababu hawajazoea. Wasichana ambao wamepika shira tangu utotoni watajikuta kwa mara ya kwanza wanaulizwa na mwalimu wa kemia wanajuaje kwamba iko tayari, na itawabidi watafute maneno ya kuelezea kile ambacho vidole vyao vilikuwa vikijua.

Limebaki swali la kopo, ambalo latosha kwa juma la pili. Biskuti iliyotoka kuokwa ni kavu kuliko pipi au rojo lililomo ndani yake. Zikifungiwa pamoja, maji yataondoka katika pipi yakaingia katika biskuti, mpaka mvutano wa pande mbili ulingane: biskuti italainika, pipi itakazana. Lakini kopo lisipofungwa vizuri, hewa nayo huingia katika shauri hilo. Tanga wakati wa masika, hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba sukari na glukosi vitaunyonya, na biskuti pamoja na pipi vitanata. Njombe wakati wa kipupwe hewa ni kavu zaidi, na huenda vyote viwili vikakauka. Shule mbili za miji hiyo zikioka siku moja kwa vipimo vile vile, zikapima uzito wa biskuti zao kila asubuhi kwa siku saba na kubadilishana majedwali, zitapata michoro miwili isiyofanana. Mizani ya duka la kijiji yatosha kwa kazi hiyo, ikiwa biskuti zitapimwa ishirini kwa pamoja na hakuna atakayezila kabla ya siku ya saba.